Jawabu Sahihi Kuhusu Atomi

Arusha, 4 Februari 2013

Mwalimu wangu Ahmada,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, na kwamba bintiyo Mwanakhamis anakusomea pale macho yanapochoka. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza kama umekula ukanijibu "na nyinyi pia", nikajua masikio yameshastaafu kama mwenyewe.

Nina khabari. Imewezekana.

Unajua nimehangaika mwaka mzima na fedha. Fedha ya madini, si ya mfukoni, ingawa walinzi wa hapa chuoni wakinisikia nalalamika kuwa fedha yangu imeharibika tena hunionea huruma. Nilitaka ile iliyoyeyuka majini irudi kuwa fedha, lakini kwa punje ndogo mno, atomi zilizoshikana kidogo zikakoma hapo, zisirundikane na kuzama. Wenzangu hutumia kemikali kali. Mimi nikakumbuka kwetu. Nikaagiza karafuu, nikazichemsha, nikazichuja, nikayamimina maji yake kwenye silva naitreti, ndiyo hiyo fedha iliyoyeyuka. Mwanzo haikuwa kitu. Kisha ikaingia umanjano, kisha ikageuka mbele ya macho yangu, ikawa kama chai ya rangi.

Picha za darubini zimerudi kutoka Pretoria wiki iliyopita. Kila punje ina kiasi cha nanomita ishirini. Zipange elfu nne kwa mstari ndipo utimize upana wa unywele mmoja. Na kinachozishika ni karafuu, Mwalimu, hii hii tuliyoiona ni ya kuanika na kuiuzia serikali kituoni tu. Matone machache kwenye mtungi wa maji machafu, vijidudu hufa. Nataka kuzipaka ndani ya vichujio vya udongo, na cha kwanza kitakuja Chokocho.

Tarehe 20 Mei nitaitetea tasnifu yangu. Nimetafuta sana, sijamwona aliyenitangulia kwa njia hii. Ukurasa wa mwanzo nimeshauandika: "Kwa Mwalimu Ahmada Khatib, aliyenilea na kunisomesha pale baba yangu aliponikimbia." Naomba ruhusa yako.

Mwanao,
Khairiya Soud


Chokocho, 15 Februari 2013

Mwanangu Khairiya,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne. Mwanakhamis alikuwa akinisomea nami nimeshika bakuli la uji. Alipofika kwenye chai ya rangi, bakuli likaniponyoka. Akadhani ni mkono wangu, ulivyo siku hizi, nikamwacha adhani hivyo. Nikamwambia anipe barua. Nimeimaliza mwenyewe kwa lenzi, nusu ya siku.

Nijibu haya kabla ya lolote. Ulitumia maji gani? Kama ni ya kisima, hayakuganda meupe kama maziwa yaliyokatika, kwa sababu ya chumvi iliyomo? Ulichemsha karafuu zenyewe au makonyo, vile vijiti vyake? Na yale maji uliyoyatia matone umeyaweka siku ngapi? Yalifika arobaini bila ya kuota ukijani?

La pili, tasnifu usiipeleke kuchapwa bado. Ule ukurasa wa mwanzo uutoe. Usidhani ni unyenyekevu wa mzee. Uutoe kwa sababu una makosa, na makosa hayo si yako.

Daktari wa Chake Chake amenitazama mwezi uliopita akazungumza na Mwanakhamis pembeni kwa muda mrefu. Kwa hiyo usichelewe kujibu.

Ahmada Khatib


Arusha, 24 Februari 2013

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Tangu jana nimeisoma barua yako mara sijui ngapi.

Sikukuandikia kuhusu kuganda. Sikumwandikia mtu yeyote. Mwanzo nilitumia maji ya bomba la hapa yakaganda meupe, na ilinichukua miezi miwili kujua kwamba ni chumvi. Wewe umeuliza kwa mstari mmoja. Siku arobaini nimezichagua mwenyewe, kwa kuwa kwetu arobaini ndiyo hesabu ya kila kitu, na zimo katika daftari langu tu, ndani ya kabati lenye kufuli. Ndiyo, zilifika arobaini. Maji yalibaki maangavu.

Basi nimefahamu. Ni wewe. Uliifanya hii zamani, katika ile maabara ya skuli yenye dirisha moja, ukanyamaza. Na sasa unataka nitoe jina lako kwenye shukurani kwa kuwa mahali pake si hapo. Mwalimu, kama ni hivyo mimi sikasiriki, nafurahi. Niambie tu mwaka, nami nitaliandika jina lako juu ya langu.

Khairiya


Chokocho, 6 Machi 2013

Mwanangu Khairiya,

Si mimi. Ni baba yako.

Nimeandika sentensi hizo mbili nikapumzika siku mbili. Sasa naendelea.

Soud Mgeni alikuwa mtunza maabara wetu. Mimi nilikuwa nimerudi na digrii kutoka Kampala, yeye aliishia darasa la kumi, lakini mikono yake ilikuwa na elimu kuliko vyeti vyangu. Msimu wa karafuu wa mwaka 1971 jino lilimshika. Akawa anachemsha karafuu pale maabara, kwa ruhusa yangu, anasukutua. Siku moja akakosea bilauri, akayamimina maji ya karafuu kwenye silva naitreti. Alikuja kuniomba radhi kwa uso wa huzuni: "Mwalimu, nimekutilia chai." Tukacheka. Nikamwambia ailete na sukari.

Lakini hakuimwaga. Siku ya tatu aliniita nitazame: ile chai haikuwa na mashapo. Akarudia kwa maji ya kisima, ikaganda nyeupe. Akarudia kwa maji ya mvua, ikawa hudhurungi. Akachukua magudulia mawili ya maji ya bwawani, moja akalitia matone, jengine akaliacha. Lililoachwa lilioza kwa siku kumi. Lenye matone lilifika arobaini, kama lako.

Yote aliyaandika. Daftari ninalo. Ukurasa wa tisa unasema: "Fedha inarudi atomi kwa atomi. Nadhani karafuu inazishika zisirundikane. Tukikijua kipimo, mtu ataweza kujenga kwa atomi kama mwashi anavyojenga kwa mawe." Miaka arobaini na moja, Khairiya. Nilipolisoma neno lako la nanomita niliona mwandiko wake.

Hakuwa mtu wa siri. Kwenye kahawa alikuwa akijigamba kuwa anajenga kwa atomi, na wenziwe wakimwita Bwana Atomi, wakimwomba awajengee na mke. Siku moja akalisahau daftari barazani.

Zama zile kila mtu alikuwa akimchungulia mwenziwe. Neno atomi watu walilijua kwa njia moja tu, redioni, na redioni halikutajwa bila ya bomu. Na kukutwa na karafuu zisizopelekwa kituoni peke yake lilikuwa balaa.

Pandu Nyange ndiye aliyekuwa mkubwa wa mtaa, wa kupeleka khabari serikalini. Alikuja kwangu asubuhi, nimeshavaa shati la skuli, daftari kalifunga kwa gazeti. Hakukaa. Akasema, "Mwalimu, mie kisomo changu kidogo. Atomi ni nini?"

Jawabu nilikuwa nalo. Kila mwaka nililisema darasani na chaki mkononi. Lakini wakati ule niliiona saini yangu kwenye chupa za silva naitreti, na zile karafuu zilizoingia maabara kwa ruhusa yangu. Nikasema, "Ndiyo inayotengenezewa bomu."

Sikusema uongo. Kwenye mtihani ningeipa alama.

Pandu aligeuza daftari mkononi. Akauliza, "Hakuna jengine?" Nikaona ananitega. Nikamjibu kuwa ndivyo vitabu visemavyo. Akaliweka daftari juu ya meza yangu, akatoka bila ya kuaga.

Gari la serikali lilikuja saa saba mchana. Baba yako walimpandisha na koti lake la maabara. Aliniona dirishani. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye rafu ya chupa, kama mtu anayekwambia, niangalizie.

Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi mitano. Alipokuja kuniuliza, nilimwambia kuwa Soud kaachiwa kwa siri akavuka kwenda Mombasa, na asimtaje kwa mtu yeyote. Hadithi hiyo niliitunga mimi, pale pale nilipokaa. Ndipo wewe ukakua na baba mtoro.

Nina neno moja ninalojitetea nalo. Hata ningesema nini asubuhi ile, wangemchukua. Gari lilikuwa limeshaitwa. Kwa neno hilo nimeweza kulala miaka yote hii. Sikuandikii ulikubali. Nakuandikia ujue kuwa lipo.

Ahmada Khatib


Arusha, 2 Aprili 2013

Mwalimu Ahmada,

Nimejaribu mara nne kuandika shikamoo. Mkono umekataa.

Wiki tatu sikuingia maabara. Wenzangu wanadhani nimefiwa, na mimi sijui niwajibu ndiyo au hapana. Hilo ndilo swali langu la kwanza, na ndilo ulilolipita katika barua yako yote kama mtu anayepita kaburi bila ya kutoa salamu. Yu hai? Gari lilimpeleka wapi?

Nakumbuka mengi sasa, na kila moja limegeuka sura. Mama aliposwa mara mbili, na mtu wa pili alikuwa mwema, akimpenda. Alikataa. Alisema, "Mimi si mjane wala si mtalaka, nitaolewa kama nani?" Kila aliyetoka Mombasa alimwita ndani, akampa maji, akamuuliza. Amekufa mwaka 1999 akiwa anauliza.

Mwaka 2004 mimi mwenyewe nilikwenda. Siku tisa nilizunguka Mji wa Kale, nikiwasimamisha wazee: mnamjua Soud Mgeni wa Chokocho, Pemba? Nilikuwa nimemwandalia matusi. Nilikuwa nimeyapanga, la kwanza hadi la mwisho. Na wewe ndiye uliyenisindikiza bandarini, Mwalimu. Ulinibebea mkoba. Ulisema, "Inshallah utampata."

Hilo siwezi kulielewa. Hofu ya mwaka 1971 naweza kuielewa. Lakini ule mkoba?

Radhi usiniombe kwa posta. Jawabu ulilolificha uliwaficha watu wa Chokocho, na ndio waliombeza baba yangu na kumnyanyapaa mama. Mzee Pandu bado yu hai, Mwanakhamis aliwahi kuniambia. Basi nenda msikitini siku ya Ijumaa, wakiwepo wote, ulijibu lile swali. Atomi ni nini? Ukishajibu, niandikie. Kabla ya hapo usiniandikie ila jambo moja: yu wapi.

Khairiya binti Soud


Chokocho, 12 Aprili 2013

Khairiya,

Alikufa. Mwezi wa Shaabani, mwaka 1973, kwa homa, huko Unguja walikomfungia. Kaburi silijui.

Nilijua siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka ule. Mtu mmoja aliyekuwa naye ndani aliachiwa, akapita kwangu, kwa kuwa Soud alimwambia anitafute mimi kwanza. Alisema baba yako kila boti likija alikuwa akiuliza kama Pemba mvua imenyesha. Wenziwe walidhani anaukumbuka mhogo wake. Mimi nilijua. Alikuwa akiulizia pipa la skuli, kama limejaa maji ya kazi yake.

Yule mtu aliniambia nimfikishie mkewe. Nikamwambia nitamfikishia. Nilitoka, nikafika mpaka uani kwenu. Mama yako alikuwa anakuogesha kwenye beseni, wewe unapiga maji na kucheka. Nikamwambia nimepita kuwasalimu.

Kumwambia kafa kungelazimu kumwambia kafia wapi, na kwa nini, na nani alisema nini. Lau ningesema angekaa eda, akatoka, akawa huru. Nilimnyima miezi minne na siku kumi, nikampa miaka ishirini na sita.

Unaniuliza kuhusu mkoba. Nilikuwa nimeisema ile hadithi ya Mombasa kwa muda mrefu, hata siku ile bandarini nusu yangu iliamini kuwa utampata.

Ijumaa ya tarehe 19 nitakwenda. Mwanakhamis anasema nitakufa njiani. Nimemwambia basi wanibebe haraka. Nitalijibu swali kama ulivyotaka.

Ombi langu ni moja, nalo si radhi. Nitakapokufa, pale kaburini watu wataulizwa wananishuhudiaje, na watasema mtu mwema, kama wanavyosemewa wote. Najua watasema, nusu yao nimewasomesha. Naomba safari hii wasiseme.

Chupa moja ya baba yako bado ninayo, ile ile ya kwanza. Niliifunga kwa nta nikaificha nyuma ya vitabu. Rangi yake haijabadilika. Mwanakhamis atakuletea, pamoja na daftari.

Ahmada Khatib


Chokocho, 29 Aprili 2013

Dada Khairiya,

Assalamu alaykum. Mimi ni Mwanakhamis. Baba amefariki Jumatano, alfajiri, na tumemzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Barua zako zote na nakala za majibu yake nimezisoma. Aliniruhusu mwenyewe Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa ile, akasema nikishazisoma nimwamulie kama nitamkogesha tena. Nilimkogesha. Lakini sikumsemesha.

Ijumaa kaka yangu Himid na mwenziwe walimbeba kwa kiti cha plastiki mpaka msikitini. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, dirisha li wazi. Swala ilipokwisha imamu aliwaambia watu wasiondoke. Baba hakuweza kusimama. Alisema amekaa, na sauti yake nilidhani haitafika, ikafika:

"Mwaka 1971 niliulizwa atomi ni nini, nikajibu kwa hofu. Jawabu ni hili. Atomi ni chembe ya mwanzo ya kila kitu. Imo katika chumvi, imo katika karafuu, imo katika mkono wa anayeuliza. Soud Mgeni hakutengeneza bomu. Alikuwa anasafisha maji. Nilijua, nikanyamaza, akafa. Na Mombasa hakwenda."

Mzee Pandu alikuwa safu ya mbele, amekaa juu ya mto wake. Unajua ana miaka karibu tisini, lakini kichwa chake kizima. Alianza kusema kwa sauti ndogo, na Baba hakusikia. Akaweka mkono sikioni. Ikabidi Himid amkaririe, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kwa kupiga kelele, hata sisi wanawake tukasikia kila neno, na Himid mwenyewe analia huku anapiga kelele. Mzee Pandu alisema:

"Mwalimu, mbona siku ile hukunambia hivyo? Mie nlikuja kwako kwanza. Sijakwenda kwa ntu mwengine. Nlitaka uniambie si kitu, nkamrejeshee ntu daftari lake, yaishe. Nkakuuliza hakuna jengine. Nkakwachia na daftari ulisome, nkakaa barazani kwangu mpaka saa sita nakungoja uje."

Sijapata kumwona Baba vile. Aliomba arudishwe nyumbani, na njia nzima, Himid anasema, alikuwa akirudia maneno mamoja: "Gari lilikuwa halijaitwa." Kitandani pia ni hayo hayo. Uji hakuutaka. Jumanne alinishika mkono akaniambia, kama anayenifundisha hesabu, "Mpaka saa sita, Mwanakhamis. Nilikuwa na mpaka saa sita." Baada ya hapo hakusema tena.

Kaburini imamu aliuliza kama kawaida, maiti wetu huyu mnamshuhudiaje. Himid anasema watu walitazama chini, kila mmoja anamngoja mwenziwe. Kisha Mzee Pandu akasema, "Tunashuhudia kuwa kasema." Na wengine wakafuata, "Kasema." Mara tatu, hivyo hivyo. Sijui kama ni kheri au ni shari. Na mimi sikuombi radhi kwa niaba yake, hiyo ni yako.

Nakuletea daftari na chupa kwa mkono wa shemeji yangu, anayepanda ndege Alhamisi. Nimemwambia chupa aipakate. Nilikuwa naifuta vumbi jana ndipo nikaona ina kibandiko, mwandiko wa kalamu ya wino, umefifia lakini unasomeka. Baba hakukutajia, nadhani kwa makusudi. Nimekichungulia mpaka macho yakaniuma, nikahisi ni haki yako ukijue kabla haijakufikia.

Kimeandikwa: "Msimwage. Muulizeni Mwalimu, anajua."

Mwanakhamis Ahmada